Ndiyo Nyingi za Sila

Kila jioni, baada ya kutoka chuoni, vijana wawili walikaa mezani kwa Mama Berta wakisubiri chakula. Nje baridi ilikuwa ikiuma masikio ya watu, na vioo vya madirisha vilikuwa vimeshika barafu. Ndani, jiko la makaa lilinguruma, na Mama Berta, mjane mnene mwenye mashavu mekundu, alikuwa akizunguka na sufuria mkononi.

"Mama, hii ni nyama ya nini?" aliuliza Athuman, kama alivyouliza jana na juzi.

"Ya ng'ombe," alijibu Mama Berta.

"Ng'ombe mtupu? Haikuchanganywa na nguruwe?"

"Ng'ombe mtupu, Athuman. Siku hizi hata muuza nyama akiniona huniuliza hali yako kabla ya kuniuliza yangu."

Athuman akasema bismillahi, akaanza kula kwa raha zake. Sila, aliyekaa karibu naye, aliinamisha uso kwa haya. Kwao Ugogo mtoto aliyelelewa vizuri hamhoji mtu mzima aliyempikia. Hupokea, hushukuru, hula. Kwa hiyo Mama Berta alipomgeukia na kumuuliza, "Sila, nikuongeze?" alijibu upesi, "Ndiyo, mama." Akaongezwa. "Nikuongeze tena?" "Ndiyo, mama." Akaongezwa tena, kabichi na viazi vikawa kilima, naye akajikaza kuvila mpaka kifungo cha suruali kikachomoka na kubingirika chini ya kabati. Athuman alicheka mpaka akapaliwa.

Vijana hawa walikuwa mbali sana na kwao. Sila alikuwa mwana wa Mzee Ndahani wa Makutupora, kaskazini ya Dodoma. Athuman alikuwa Mrangi wa Kondoa, na baba yake alikuwa mfanyabiashara wa asali na nta. Wakati huo Wadachi, yaani Wajerumani, ndio waliotawala nchi, na reli ilikuwa imefika Dodoma karibuni tu. Mji huu walimokuwa wakisoma ulikuwa mji mdogo wa Udachi kwenyewe, kando ya mto ambao maji yake yalipita mwaka mzima bila mtu kuyashangaa.

Safari yao ilianza kwa sababu ya maji. Mhandisi mmoja alikuwa ametoboa ardhi ya Makutupora kwa mtambo wake, akashindilia bomba jembamba la chuma, akayakuta maji si mbali sana chini. Lakini bomba lile halikupitisha hata kikombe. Ukitumbukiza kijiwe ulisikia chubwi! Maji yalikuwepo, yalisikika, na hayakunyweka. Mzee Ndahani akalifunika bomba kwa jiwe bapa ili watoto wasilijaze kokoto. Mhandisi akasema pampu haitaletwa mpaka apatikane mtu wa hapohapo anayejua kuifunga na kuitunza, maana pampu isiyo na fundi hugeuka chuma chakavu. Basi chuo kimoja cha ufundi huko Udachi kikakubali kuwapokea vijana wawili kutoka nyanda za kati: Athuman asomee useremala, na Sila asomee pampu. Sila akifaulu mtihani angerudi na pampu ya Makutupora. Asipofaulu, angerudi mikono mitupu.

Siku ya kuondoka, baba yake alimshika bega. "Mwanangu, unakwenda kwa watu tusiowajua. Mkubwa akisema, wewe itika. Akikuuliza kama umeelewa, sema ndiyo. Usimchoshe mtu mzima kwa maswali, wakaja kusema mwana wa Ndahani hakufunzwa kwao."

"Ndiyo, baba."

Mwalimu Kefa, aliyemfundisha kusoma kwenye shule ya misheni, naye alikuwa na wosia wake. "Mambo ya matambiko ya watu, Sila, kaa nayo mbali. Ukiona mtu anamwaga kitu na kunong'ona, geuza uso wako pembeni."

"Ndiyo, mwalimu."

Mama yake, Zipora, hakuwa na wosia. Alikuwa ndiyo kwanza anarudi kutoka korongoni, ambako wanawake wa Makutupora waliamka alfajiri kufukua mchanga na kungoja maji yajikusanye kidogo kidogo shimoni. Alitua kibuyu chake, akamtekea mwanawe maji ya kunywa. "Kunywa ushibe," alisema. "Sijui huko uendako kama kuna maji." Sila aliyanywa yote mpaka tone la mwisho, kwa kuwa alijua mama yake ameyasubiri tangu alfajiri.

Huko alikokwenda, maji yalikuwepo ya kutosha. Walipofika pwani na kupanda meli, Sila aliegemea vyuma vya pembeni akaitazama bahari siku nzima. "Maji yote haya," alimwambia Athuman, "na hayanyweki! Nani aliyeyaharibu?" Tangu meli ing'oe nanga Athuman alikuwa amelala chali akiomba dua na kutapika. Waliona mfereji uliochimbwa jangwani na meli kubwa ikapita katikati ya mchanga, waliona milima yenye vilele vyeupe, wakapanda gari moshi jingine lililokwenda kasi kuliko la Dodoma. Athuman aliuliza habari za kila kitu. Sila alitazama, akaitika, akanyamaza.

Kuitika huko kulimletea visa. Siku moja aliingia kwa kinyozi. Kinyozi alisema maneno mengi kwa haraka, kisha akauliza kitu, na Sila akajibu, "Ndiyo, bwana." Alitoka humo kichwa kimenyolewa kikang'aa, theluji ikimwangukia utosini. Siku nyingine bibi mmoja alimsimamisha nje ya kanisa akamuuliza, "Je, ni kweli kwamba kwenu simba hulala ndani ya nyumba pamoja nanyi?" Bibi alikuwa mtu mzima, na mtu mzima habishiwi. "Ndiyo, mama," alisema Sila. Kabla ya jua kuchwa mji mzima ulijua kwamba kijana wa kwa Mama Berta amelelewa na simba, na watoto wakawa wanakuja kuchungulia dirishani.

"Unatuaibisha!" Athuman alifoka, ingawa kicheko kilikuwa kimemjaa kooni. "Sasa wananiuliza mimi simba wa kwetu anaitwa nani!"

Yote hayo yalikuwa ya kuchekesha tu. Lililokuja kumtia matatani lilikuwa chuoni.

Mwalimu wake wa pampu aliitwa Bwana Holtman, mzee mwenye masharubu mapana na mikono iliyojaa mafuta ya mashine. Alizipenda pampu zake kama Mgogo anavyopenda ng'ombe. Sila alimpenda mzee huyu, na alijifunza upesi. Kwa miezi michache tu aliweza kukata uzi wa kuunganishia bomba, kukaza parafujo, kufunga mpini na kuufanya upande na kushuka bila kelele. Lugha pia ilikuwa imemkaa vizuri. Jambo moja tu lilimsumbua.

Kila Bwana Holtman alipotaka kuonyesha kazi ya pampu iliyokaa bure kwa muda, alifanya kitu cha ajabu. Alivua kofia yake, akachukua jagi la maji, akayamimina polepole kwenye mdomo wa juu wa pampu, huku akinong'ona, "Kunywa, bibi yangu, kunywa kwanza." Halafu alisimama kimya kidogo, ndipo akashika mpini.

Mara ya kwanza Sila alipoona hivyo, alishtuka. Alikuwa ameona wazee wa kwao wakimwaga maji na pombe chini na kunong'ona, kabla ya kuomba mvua. Alilijua tambiko akiliona. "Kumbe na hawa wanayo!" alijisemea. Akakumbuka neno la Mwalimu Kefa, akageuza uso ukutani mpaka mzee alipomaliza.

"Umeona nilivyofanya?" aliuliza Bwana Holtman. "Umeelewa ni kwa nini?"

"Ndiyo, bwana," alijibu Sila. Alimhurumia kidogo, fundi hodari namna ile, mwenye mvi, ambaye bado aliogopa mizimu.

Pampu ya karakana ilikuwa ikitumika kutwa nzima. Kwa hiyo Sila alipoijaribu mwenyewe aliushika mpini tu, na maji yakatoka. Hilo likamhakikishia kwamba jagi halikuwa na kazi yoyote isipokuwa kuwaridhisha wahenga wa Wadachi.

Baridi ikaisha, miti ikachipua, na siku ya mtihani ikafika. Uani mwa chuo palisimama pampu mpya, ya rangi ya kijani kibichi, ile ile iliyotengwa kwa ajili ya Makutupora. Mkaguzi, Bwana Reinke, alikuwa mtu mrefu mkavu, aliyetoka mji mkubwa kwa gari moshi. Bwana Holtman alisimama nyuma yake akitabasamu, maana alikuwa na uhakika na mwanafunzi wake.

Sila aliifungua pampu akaifunga tena, kila kipande mahali pake. Mkaguzi alitikisa kichwa kwa kuridhika. "Vizuri sana," alisema. "Sasa tupatie maji."

Kando ya pampu, juu ya kigoda, palikuwa na jagi lililojaa maji. Sila aliliona. Akalichukua kwa heshima zote, akaliweka mbali ili lisimsumbue. Bwana Holtman alikohoa. Sila akashika mpini akaanza kusukuma. Pampu ikafanya kwi, kwi, kwi. Bwana Holtman alikohoa tena kwa nguvu, macho yakilielekea jagi. Sila aliona anajaribiwa imani yake, akasukuma kwa bidii zaidi. Kwi, kwi, kwi. Jasho jembamba likamtoka, na hata tone moja la maji halikudondoka.

"Inatosha," alisema mkaguzi. "Je, ulifundishwa kazi hii?"

"Ndiyo, bwana."

"Yote?"

"Ndiyo, bwana."

"Na ulielewa?"

Watu wazima wawili walikuwa wakimtazama. "Ndiyo, bwana."

"Basi hatuna la kumsaidia," mkaguzi alimwambia Bwana Holtman. "Asiyefundishwa tungemfundisha. Huyu amefundishwa, ameelewa, na bado hawezi. Atapanda meli ijayo. Pampu itabaki hapa."

Sila alikwenda nyuma ya nyumba ya Mama Berta, akakaa juu ya rundo la kuni, akalia kama mtoto. Aliona jiwe bapa juu ya bomba la Makutupora. Aliona mama yake amepiga magoti korongoni, anafukua mchanga. Angewaambia nini? Athuman alimkuta hapo, akiwa bado na unga wa mbao nyweleni. Sila akamweleza yote yaliyotokea.

"Kwa nini usiseme hukuelewa?" aliuliza Athuman.

"Baba alinikataza. Nikimwambia mtu mzima sijaelewa, ni kama namwambia hajui kufundisha."

"Na mimi baba alinikataza nguruwe. Ningesema ndiyo kwa kila sufuria, sasa hivi ningekuwa nimemaliza zizi zima." Athuman alikaa kando yake. "Sikiliza, ndugu yangu. Hata mimi niliona haya siku ya kwanza. Niliuliza kwa sababu ya dini yangu tu, wala sikuwa shujaa. Halafu nikaona hakuna aliyekasirika. Unajua Mama Berta aliniambia nini juzi? Alisema, 'Athuman namjua anachopenda na asichopenda. Lakini huyu Sila, sijui hata kama chakula changu anakipenda. Jibu lake ni lile lile.'"

Sila alifuta pua kwa mkono wa shati. Maneno hayo yalimchoma. Alikuwa amekula kabichi ya yule mama majira yote ya baridi ili amfurahishe, kumbe alikuwa akimwacha gizani.

"Mkaguzi analala hapa mjini leo," alisema Athuman. "Ataondoka kesho asubuhi. Nenda kwa mzee wako kabla jua halijazama."

Sila alisimama. Akapiga moyo konde akaenda. Alimkuta Bwana Holtman uani mwa chuo peke yake, amekaa mbele ya pampu ya kijani, kofia magotini. Hakuwa na hasira. Alionekana mzee kuliko asubuhi.

"Bwana," alisema Sila, "nimekuja kukuambia kwamba nilisema uongo. Ulipouliza kama nimeelewa, nilisema ndiyo. Sikuelewa. Sikuelewa hata siku ya kwanza."

Bwana Holtman aliinua kichwa. "Hukuelewa nini?"

"Kwa nini unawapa mizimu maji."

"Mizimu?"

Hapo Sila akamweleza habari za kofia, na jagi, na kunong'ona. Akamweleza matambiko ya mvua ya kwao na wosia wa Mwalimu Kefa. Mzee alisikiliza mdomo wazi. Kisha masharubu yakaanza kutikisika, mabega yakafuata, akacheka mpaka machozi yakamtoka akaegemea pampu asianguke. Sila naye, bila kujua anacheka nini, akaanza kucheka.

"Kofia navua kwa sababu ya joto la karakana," alisema mzee alipopata pumzi. "Nasema na pampu kwa sababu humo sina mwingine wa kuzungumza naye. Nina mwanafunzi mmoja, naye hujibu ndiyo tu. Sasa njoo hapa."

Aliifungua pampu, akatoa kipande cha ngozi cha mviringo, kile kinachopanda na kushuka ndani ya bomba. "Kishike. Unaonaje?"

Sila alikishika. Kilikuwa kikavu, kigumu, kimejikunja pembeni. Hapo hapo akaelewa kabla mzee hajafungua mdomo, maana ngozi ni kitu alichokizoea tangu utotoni. Kwao walilalia ngozi, waliwamba ngoma kwa ngozi, na hakuna Mgogo asiyejua kwamba ngozi kavu husinyaa na ngozi iliyoloweshwa hulainika na kutanuka.

"Imesinyaa," alisema polepole. "Upepo unapita pembeni. Ukiinywesha maji inatanuka, inabana bomba, na upepo haupati njia. Ndipo maji ya chini yanapovutwa juu!"

"Ndivyo. Tangu mwanzo ungeniuliza, ningekuonyesha ngozi hii."

"Na maji ya kunywesha yakiwa na mchanga?" aliuliza Sila. "Na ngozi ikipasuka, ya ng'ombe wa kwetu inafaa? Ya mbuzi je? Pampu ikikaa siku nyingi bila kazi, nifanyeje?" Maswali ya miezi mingi yalimtoka kwa mkupuo, na Bwana Holtman aliyajibu yote, uso umemchangamka.

Asubuhi yake walimkuta mkaguzi uani mwa chuo ameshika mkoba tayari kwenda stesheni. "Kuna jambo gani lililobadilika tangu jana?" aliuliza.

"Jana nilisema nimeelewa, bwana. Haikuwa kweli," alisema Sila. "Leo ni kweli. Nikiulizwa sababu, nitaeleza."

Mkaguzi aliweka mkoba chini. "Nionyeshe."

Sila alimimina maji ya jagi polepole, akaeleza habari ya ngozi, akangoja, akashika mpini. Pampu ikakohoa, ikanyamaza, kisha ikatapika maji kwa kishindo hadi kwenye viatu vya mkaguzi. Bwana Holtman alirusha kofia juu. Mkaguzi alikung'uta mguu mmoja, halafu wa pili, na kwa mara ya kwanza akatabasamu. "Umefaulu," alisema. "Na mimi nimelowa."

Jioni hiyo Mama Berta alipouliza, "Nikuongeze?" Sila alivuta pumzi akasema, "Hapana, mama, asante. Nimeshiba. Kabichi siipendi sana, ila viazi vyako navipenda mno." Mama Berta aliweka sufuria chini akamkumbatia. Tangu siku ile alipata viazi kila jioni.

Walirudi kiangazi kilipokuwa kimepamba moto. Athuman alishukia Dodoma pamoja na Sila, na sanduku la vifaa vya useremala begani. Waliagana stesheni, wakiahidiana kwamba fremu ya kwanza ya mlango atakayoichonga Athuman huko Kondoa itakuja Makutupora, na Sila naye atakwenda kuwaonyesha Warangi jinsi ya kupata maji bila kumsumbua mtu kwa maswali. "Huyo! Sasa amejua na utani!" alisema Athuman. Pampu ilifunguliwa vipande vipande, ikapakiwa juu ya punda, na Sila akashika njia ya kaskazini.

"Mbukwenyi!" aliwasalimu watu wa Makutupora alipowakaribia, na kijiji kizima kikamtokea kwa vigelegele. Wazee walimzunguka. Kila mmoja alikuwa na hakika kwamba mtu aliyesoma Ulaya hakuna asichokijua. Mzee Ndahani hakuondoka kando ya mwanawe.

Kesho yake jiwe bapa liliondolewa. Sila aliifunga pampu juu ya bomba huku watu wote wakitazama. Alipomaliza alimgeukia mama yake. "Mama, naomba kibuyu chako cha maji."

Zipora alikuwa ametoka korongoni muda huo huo. "Una kiu, baba?"

"Hapana, mama. Nataka kuyamwaga humu."

Watu waliguna. Zipora alikikumbatia kibuyu kifuani. Mwalimu Kefa alipenya kati ya watu akaja mbele. "Sila! Nilikuambia nini juu ya matambiko?" Mzee mmoja, aliyeshika sana mambo ya zamani, alitikisa kichwa kwa furaha. "Mwacheni! Mtoto amekwenda mbali na hakuwasahau wahenga." Sila alitamani Bwana Holtman angekuwepo asikie.

"Mwalimu wangu, babu yangu, si tambiko," alisema. Akawaeleza habari ya ngozi, na upepo, na maji yanayovutwa. Alipomaliza aliuliza, "Mmeelewa?"

"Ndiyo!" waliitika wote kwa sauti moja. "Ndiyo, tumeelewa!"

Sila aliwatazama. Ile ndiyo aliijua vizuri. Alikuwa amesafiri nayo kwenda na kurudi, na alijua kwamba akiondoka siku moja tu, pampu itafanya kwi, kwi, kwi, na mama yake atarudi korongoni. Akauachia mpini.

"Nisameheni, wazee wangu," alisema kwa upole. "Mimi nilisema ndiyo hiyohiyo huko Ulaya, na nusura pampu hii ibaki kule kwa sababu yake. Ni nani ambaye hakuelewa? Nitaeleza tena, wala sitachoka."

Wazee walitazama fimbo zao. Ndipo Mzee Ndahani alipopiga hatua mbele, akavua kilemba chake akakishika mkononi.

"Mimi," alisema. "Sijaelewa, mwanangu. Nifundishe."

"Hata mimi," alisema Mwalimu Kefa, akijikuna kisogo.

"Mimi nilikuwa naona haya tu," alisema yule mzee wa mambo ya zamani, na watu wote wakaangua kicheko, na kila mtu akawa na swali lake.

Sila aliifungua pampu upya. Ile ngozi kavu ikapita mkono kwa mkono, wazee wakaikunja, wakainusa, wakaitia mate. "Kumbe ni ngozi!" walisema. "Si ungesema tangu mwanzo!" Kisha Zipora mwenyewe akaja, akamimina maji ya kibuyu chake kwenye mdomo wa pampu, bila kumwaga hata tone pembeni. Walingoja. Mzee Ndahani akashika mpini. Pampu ikakohoa, ikanyamaza, halafu maji yakatoka, meupe, mengi, yakamwagika juu ya miguu yao iliyojaa vumbi. Zipora alikinga viganja akanywa, akajimwagia usoni, akawa anacheka na kulia pamoja.

Mzee Ndahani alikaa kitako kando ya pampu mpaka kelele zilipopungua. Halafu akawaita watoto wote waliokuwa wakirukaruka matopeni.

"Nilimtuma mwanangu ugenini na neno moja tu kinywani," aliwaambia. "Nilidhani ndilo heshima. Nilikosea. Mtu anapokufundisha nawe ukasema umeelewa na hujaelewa, hapo hujamheshimu mtu huyo. Unamdanganya, na wewe mwenyewe unajinyima. Mkubwa akiwafundisha, msikilizeni kwa adabu. Msipoelewa, mwambieni kwa adabu hiyohiyo. Na kuanzia leo, atakayekuwa wa mwisho kuteka hapa jioni, ataacha kibuyu kimoja kimejaa kando ya pampu, cha kuinywesha asubuhi."

Zipora alikuwa amejaza kibuyu chake tena. Alikitua chini akamtazama Sila. "Na mimi nina swali," alisema. "Mvua hainyeshi, korongo limekauka. Haya maji yote ya chini yanatoka wapi?"

Watu wakamgeukia msomi wao. Sila alikuna kichwa. Aliwaza, akalitazama bomba, akawaza tena.

"Sijui, mama," alisema. "Itabidi niulize."

Mzee Ndahani alicheka kwa sauti kubwa, akampiga mwanawe begani kwa mkono uliolowa maji. "Sasa ndiyo nimeamini," alisema, "kwamba umesoma kweli."